Vitufe vya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mpiga taipu wa serikali hapa Kilwa Masoko tangu kabla sijazaliwa. Wafanyakazi walipopunguzwa, naye alipunguzwa. Akaruhusiwa kuondoka na taipu aliyokuwa akiitumia, kwa sababu hakuna mwingine ofisini aliyeitaka. Akafungua kibanda karibu na soko na kuandika ubao kwa mkono wake: TUNACHAPA BARUA, MAOMBI YA KAZI, MIKATABA, KADI ZA HARUSI.

Mimi nilikuja kwake kutoka Kiswere baada ya darasa la saba. Sikuchaguliwa kuendelea na masomo, na baba yangu, ambaye ni kaka yake, alisema, "Nenda kwa shangazi yako, ukajifunze kazi ya kukaa kitini." Nilikuwa na haya sana. Wateja waliniuliza bei nami nikawaonyesha ubao kwa kidole. Baadhi yao waliniita Bubu, na wengine walicheka kuona mwanamume anapiga taipu. "Hii si kazi ya akina mama?" waliuliza. Shangazi aliwajibu, "Vidole havivai khanga. Leta barua yako."

Nilichapa polepole, na hata sasa nachapa polepole. Lakini tangu wiki za mwanzo nilijua nina kitu mkononi, na sitaona haya kukisema. Taipu ile ilikuwa nzito. Kitufe kilishuka kwa kina kirefu, na lazima ukipige, si kukibonyeza. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kukata stensili, yaani ile karatasi ya nta tuliyotumia kudurufu mitihani ya shule. Ukipiga kwa ulegevu, herufi haitoki. Ukipiga kwa hasira, tumbo la herufi "o" linaanguka na kuacha tundu. Shangazi alisema kuna watu walikaa ofisini miaka na miaka wakitoboa stensili. Mimi sikutoboa. Nilikuwa nimebangua korosho na bibi yangu tangu nikiwa mdogo: unaweka korosho iliyokaangwa juu ya jiwe, unapiga, ganda linapasuka, kiini kinabaki kizima. Anayepiga bila kipimo analeta vipande, na vipande kwa bibi vilikuwa aibu. Kwa hiyo mkono wangu ulijua kupiga kwa kipimo kabla haujajua kuandika.

Vidole vya shangazi ndivyo vilivyoanza kukataa. Viungo vilivimba. Asubuhi aliviloweka katika bakuli la maji ya moto, akivikunja kimoja kimoja, kisha akavaa miwani na kuanza kazi bila kulalamika. Wakati huohuo wateja walianza kutaka karatasi "ya kompyuta". Vitu vya Dar vilikuwa vinaingia kila wiki: redio, pasi, baiskeli, na sasa kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya. Shangazi alifikiri sana, kisha akanunua moja kwa mchuuzi mmoja kutoka Dar mwenye duka la mitumba ya umeme. Kompyuta ilikuja na printa, lakini bila kibodi.

"Ndiyo nafasi ya mwisho hii," aliniambia. "Wanasema vitufe vya kompyuta havina uzito. Kama ni kweli, nitakufa nikichapa. Vidole vikikataa na hapa, nafunga kibanda kabla ya Idd, nafunga vyombo, narudi Kiswere kwa kaka yangu. Nenda wewe ukachague. Mimi vidole vyangu sasa vinasema uongo, kila kitu kinaviumiza."

Nilikwenda nikiwa na mfuko wa korosho ghafi na kifuniko cha kopo. Mchuuzi alikuwa na kibodi mbili. Moja ilikuwa mpya, nyeupe, nyembamba, bado imo ndani ya nailoni. Nyingine ilikuwa kuukuu, imegeuka rangi kama meno ya mvuta sigara, na nzito kama tofali. Niliweka kifuniko juu ya kitufe cha ile mpya nikaanza kupanga korosho ndani yake, moja baada ya moja, mpaka kitufe kikazama. Kisha nikafanya hivyohivyo kwa ile kuukuu.

Mchuuzi aliniangalia kwa muda. "Dogo, unanunua kibodi au unauza korosho?"

Niliongeza korosho nyingine kifunikoni.

"Huku kwenu kila kitu mnapima kwa mizani. Siku ukienda kuoa si utampandisha mtoto wa watu kwenye mizani?"

Watu waliokuwa dukani walicheka. Nilihisi masikio yanawaka moto, lakini niliendelea kupanga. Ile kuukuu ilibeba korosho nyingi zaidi kabla ya kuzama. Jibu likawa wazi: mpya ndiyo nyepesi. Nikaibeba nyumbani kwa furaha, nikamweleza shangazi kwa maneno machache niliyoweza, naye akasema, "Alhamdulillahi."

Kazi ya kwanza ililetwa na mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani. Ilikuwa mitihani ya majaribio ya darasa la saba, masomo yote, naye aliitaka kabla ya shule kufungwa. Shangazi aliketi mbele ya kioo kama bibi harusi. Alinyoosha mgongo, akaweka vidole mahali pake, akaanza.

Kibodi nyeupe haikutoa sauti. Vitufe vilikuwa laini kama kubonyeza uji uliopoa. Shangazi, aliyezoea mashine inayomjibu kila herufi kwa kishindo, hakujua kama herufi imeingia au haijaingia. Kwa hiyo alipiga mpaka chini, na akifika chini alikandamiza ili awe na uhakika. Kompyuta ikaona anataka herufi nyingi. Swali la kwanza likatoka: "Taaaja mazzzao maaawili."

"Imerogwa," alisema shangazi. Akafuta, akaanza tena, akapiga kwa nguvu zaidi. Meza ilitikisika. Kufikia adhuhuri alikuwa hajamaliza ukurasa mmoja, na vidole vyake vilikuwa vimejaa kama ndizi mbivu. Alisimama, akafunika kompyuta kwa khanga, akaenda kuswali. Aliporudi hakuketi kwenye kiti chake. Alianza kuteremsha kadi za harusi za mfano zilizobandikwa ukutani.

Niliinua ile khanga, nikabonyeza vitufe vya kibodi nyeupe kwa kidole kimoja, polepole, kama ninavyofanya kila kitu. Nilijiuliza: korosho zilisema nyepesi, kwa nini basi inachosha? Nikabonyeza tena. Kitufe kilishuka, kikaenda, kikaenda, kikagota. Hapakuwa na mahali popote njiani paliponiambia, "Basi, inatosha."

Hapo nilielewa kosa la kipimo changu. Nilipima kama watu wa kwetu wanavyopima kila kitu, kwa uzito. Lakini anayebangua korosho hachoshwi na uzito wa jiwe. Mkono unasikia ganda likipasuka, unarudi palepale. Asiyesikia ganda ndiye anayeponda mpaka jiwe la chini, na jioni mkono wake umekufa. Shangazi alikuwa anaponda jiwe la chini tangu asubuhi.

Nilichomoa kibodi nyeupe, nikairudisha kwenye nailoni yake, nikaenda dukani kwa mchuuzi. Ile kuukuu ilikuwa bado pale, juu yake wamepanga nyaya. Nikaziondoa. Nikabonyeza kitufe. Kilinipinga kidogo, kikanipinga, kisha katikati ya safari kikaachia: ta! Herufi ilikuwa imekwisha kuingia na kidole bado hakijafika chini. Nikakijaribu kingine na kingine. Vyote viliachia mahali palepale, bila kimoja kulegea. Ilikuwa mashine iliyotengenezwa na mtu aliyejua vidole.

"Umerudi na mizani yako?" aliuliza mchuuzi.

"Shikamoo," nilisema. "Nataka tubadilishane."

"Marahaba. Tubadilishane nini?"

"Hii mpya kwa ile kuukuu."

Aliniangalia, akaiangalia nailoni. "Dogo, wewe mzima? Mtu anarudisha mchumba kwa sababu ni kijana mno?"

"Ile inasema," nilimjibu.

"Inapiga kelele! Ndiyo maana wazungu wameitupa."

"Shangazi yangu anataka kelele."

Alicheka mpaka akashika kaunta, lakini alibadilisha mbiombio kabla sijageuza nia.

Kibandani shangazi aliipokea kwa mikono miwili, ikamlemea. "Umeniletea tofali?" Hata hivyo alikubali kujaribu, nadhani kwa ajili ya kunionea huruma. Plagi yake ya duara iliingia vizuri. Akapiga. Kibanda kilijaa mlio, na kwa mara ya kwanza tangu taipu iwekwe kando nilimwona akitabasamu. Lakini alikuwa bado anaponda. Kitufe kiliachia, naye aliendelea hadi chini kwa nguvu ileile ya miaka yote.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kwangu kuliko dukani. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga taipu. Alinishika vidole akaviweka juu ya vitufe nilipokuwa sijui hata kuweka karatasi. Na mimi, niliyeitwa Bubu, nilitakiwa kumwambia kwamba anapiga vibaya. Nikaanza, nikanyamaza, nikaanza tena.

"Shangazi, ukiisikia tu, rudi."

"Nirudi wapi?"

"Juu. Usifike chini. Kama korosho. Ganda likilia, mkono unarudi."

Alinitazama juu ya miwani. Nilidhani atanikemea. Badala yake alinyoosha kidole kimoja, akabonyeza polepole, akasikia mlio, akarudi. Akafanya hivyo tena. Kisha akacheka kama msichana.

"Kumbe miaka yote hii nilikuwa natwanga!"

Hakuzoea siku hiyo. Alisahau, akaponda, nami nikasema "rudi" mpaka akaniambia, "Basi, nimesikia, wewe mwadhini!" Lakini baada ya muda mlio ukabadilika. Badala ya kishindo cha meza kukawa na sauti nyepesi, sawasawa, kama watu wengi wanaobangua pamoja barazani. Umeme wa jenereta ya mji ulikatika mara nyingi, tukangoja, tukaendelea. Mitihani yote ilitoka ndani ya muda, na mwalimu mkuu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, ukurasa kwa ukurasa, asikute herufi iliyojirudia. Shangazi alizibandika tena kadi za harusi ukutani.

Idd ilipofika tulikwenda Kiswere. Baba alitupokea barabarani akiwa na mkokoteni, kwa sababu alikuwa amesikia dada yake anarudi moja kwa moja. Akaangalia mikoba yetu miwili.

"Vyombo viko wapi?"

"Vyombo vya nini? Nimekuja kula pilau," alijibu shangazi. Akanyoosha mikono mbele yake, akakunja vidole vyote, akavikunjua. "Muulize mwanao kwa nini."

Ndugu walikuwa wengi barazani, na wote waligeuka kunitazama. Haya zilinijia kama kawaida. Lakini jambo hili nililijua kuliko wote waliokuwapo. Nikawaeleza habari za taipu inayotaka kupigwa, kibodi laini isiyojibu, na ile inayoachia katikati ya safari. Walipotaka kujua katikati ni wapi, nilichukua kidole cha baba yangu mwenyewe, nikakishusha taratibu kuelekea kiganja changu, nikakisimamisha hewani kabla hakijagota.

"Hapo," nilisema.

Baba alikiangalia kidole chake, kisha akamgeukia dada yake. "Huyu ameanza lini kuongea?"