Madamu Koma amechoka kupigiwa kura

Ni asubuhi mbichi, sakafu haijakauka deki, na Madamu Koma ameshakunja uso. Mezani pake kuna kadi ya mwaliko, kipeperushi cha duka la vipuri na tangazo la kupangisha chumba. Vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na vyote vinasubiri macho yake kabla ya kuingia mashineni.

"Ona hii," anasema, akigonga tangazo kwa kalamu. Chumba, linadai tangazo, kina *furnitures*. "*Furniture* haina wingi. Hata vitanda vijae hadi dirishani, ni *furniture* tu. Jana niliitoa hiyo 's', leo mwenye chumba kairudisha. Anasema bila hiyo wapangaji watadhani kuna kiti kimoja."

Anacheka kidogo, kisha uso unarudi ulikokuwa.

Yeye ndiye msomaji wa duka hili la uchapaji. Jina la utani alipewa na wenzake wa mashineni, waliochoka kumsubiri ahamishe koma. Chuo hakumaliza, karo ilikatika baba alipougua. Kusoma maandishi ya watu ndiyo kazi anayoijua na kuipenda, na ndiyo inayomsomesha mdogo wake wa mwisho.

"Makosa ni yale yale," anasema. "Mtu anaandika *return back*, kana kwamba unaweza kurudi mbele. Anaandika *your welcome* badala ya *you're welcome*. Ukimuuliza, anakuambia ameliona kwenye bango la jirani. Kosa likishatundikwa barabarani, basi, limekuwa sheria."

Wiki hii hasira zake zina sababu ya ziada. Wateja wawili wameondoka wakifoka, na bosi amemwonya: akiondoka wa tatu, Madamu Koma anahamia kwenye mashine ya kukatia karatasi, ambako malipo ni madogo na hakuna cha kusoma.

Akiwa bado analalamikia furnitures, wanaingia wateja watatu. Ni mafundi cherehani walioungana kufungua karakana yao: mwenyekiti, ambaye ni mama wa makamo mwenye utepe wa kupimia shingoni; mweka hazina; na katibu, mwanamume mwembamba aliyebeba karatasi kama amebeba mayai. Wanataka bango la ufunguzi.

Madamu Koma anasoma kwa sauti tangazo lao la kuwasili kwa vifaa vipya: *We are happy to informs you that our new equipments have arrived.*

"*Informs*, hapana. *Equipments*, hapana. *Have*, hapana." Kila hapana inakuja na mstari mwekundu. Duka zima linageuka kutazama.

"Binti," mwenyekiti anasema, "hayo kaandika katibu wetu. Ndiye anayejua Kiingereza kundi zima."

"Sawa, mama, lakini..."

"Hakuna lakini. Sisi ni kamati. Tupige kura. Nani anataka libaki lilivyo?"

Mkono wake unapanda, na wa mweka hazina. Katibu anatazama viatu vyake, halafu anainua wake, nusu.

"Kura?" Madamu Koma uvumilivu umemwisha. "Basi andikeni Kiswahili, hicho hakihitaji kura!"

"Unatuona washamba, eh?" mweka hazina anadakia. "Maduka makubwa yote Kiingereza, sisi tujitangaze kama wauza karanga?"

"Muuza karanga anaeleweka!"

"Twendeni," mwenyekiti anasema, na wanakwenda na karatasi yao.

Bosi amesimama mlangoni mwa ofisi yake. Anaelekeza kidevu kwenye mashine ya kukatia. "Jumatatu," anasema, na kufunga mlango.

"Sasa mimi kosa langu nini?" Madamu Koma anauliza, kalamu imemganda mkononi. "Niwaache watundike aibu juu ya nguzo?"

Mchana, duka likiwa limepungua watu, katibu anarudi peke yake. Anasubiri mpaka mteja wa mwisho atoke.

"Dada, yale uliyosema ni kweli?"

"Ni kweli, kaka."

"Nilijua hapo pana kitu. Sikujua ni kipi." Anakunjua karatasi. "Lakini ulishindwa kuniita pembeni? Mimi shule niliiachia njiani. Kushona, wenzangu wote wananizidi. Ukatibu wamenipa kwa sababu ya hicho Kiingereza tu. Ukinivua mbele yao, nabaki na nini?"

Madamu Koma anainuka. Anamsogezea kiti, anampa kalamu. Wanapitia neno moja moja, sauti chini, na katibu anaandika upya kwa mkono wake.

"Nitawaambia nimelipitia tena," anasema.

"Si umelipitia kweli? Kalamu alishika nani?"

Kabla ya duka kufungwa, mwenyekiti anaingia na karatasi mpya, kifua mbele. "Katibu wetu kaliona kosa mwenyewe. Usidhani ni wewe."

Madamu Koma anafumba macho, anayafumbua. "Katibu wenu ni mtu makini, mama."

Bosi, aliyesikia yote, anatazama bango likitoka mashineni. "Jumatatu endelea kusoma," anamwambia Madamu Koma. "Lakini ukiwapigia watu kelele tena, hata kukata karatasi hukati."

Madamu Koma naye anatumia nafasi hiyo hiyo kuomba viti viwili na pazia kwenye kona iliyo nyuma ya makabati. Bosi anaguna, na kwake kuguna ni ndiyo.

"Mtu aingie humo na makosa yake, tumalizane wawili," anasema Madamu Koma, akifagia kona yake kwa mguu. "Ninaowataka hasa ni vijana wanaoomba kazi. Barua zao zinatupwa kwa kosa ambalo ningewaambia kwa dakika moja, kwa upole. Haya, nitajitahidi huo upole. Waje hata kama hawachapi kitu. Sitawatoza."

Anatazama mlango wa ofisi.

"Hilo la kutowatoza, bosi bado sijamwambia."