Barua ya Madamu

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni na cheti. Hapa ughaibuni, Etobicoke, shuleni kwao wanafundishwa kwa Kifaransa, na kila mwisho wa mwezi mwalimu humchagua mtoto mmoja akampa karatasi yenye nyota za dhahabu. Ya binti yangu iliandikwa neno moja kwa herufi kubwa: gentille. Yaani mpole, mwema, mtoto asiye na neno. Mzazi mwingine angepiga picha akawatumia mashangazi wote. Mimi, ndugu yangu, nilienda kunawa mikono kana kwamba nimeshika panya.

Kaa nikueleze, maana wewe unanijua.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumefika kutoka Bukavu, mimi na mama tu, tukapata nyumba ya chumba kimoja ghorofa ya kumi na nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilinuka makayabu, yule samaki wa chumvi, asubuhi mpaka jioni. Wazungu waliziba pua. Mama alikuwa muuguzi. Sisemi msaidizi, nasema muuguzi aliyesomea. Katika sanduku letu moja alikuja na gauni lake jeupe la kazi, na kila Jumapili baada ya misa alilipiga pasi akalitundika nyuma ya mlango, tayari kwa siku atakayoitwa hospitali. Huku akingoja, alimtunza mzee mmoja wa kike kule Markham, tuliyemwita Madamu. Jumamosi sikuwa na wa kubaki naye, kwa hiyo nilifuatana na mama, treni kisha mabasi mawili, hadi mtaa wa nyumba kubwa ambako hukuti mtu anatembea kwa miguu.

Madamu alikuwa mwalimu wa lugha enzi zake. Nyumba yake ilinuka kafuri, paka na supu ya kabichi. Alikuwa na tabia moja. Akimaliza kula, alikwangua kilichobaki kwenye sahani yake, akakitia ndani ya kopo tupu la siagi, akampa mama. Kwa ajili ya mtoto, alisema. Supu iliyoganda mafuta juu. Keki yenye alama za meno. Siku moja kipande cha mkate chenye rangi nyekundu ya midomo yake ukingoni. Mama alipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Ndivyo nyanya alivyomlea: ukipewa na mtu mzima unapokea, hurudishi, na unaonja aliyekupa akiwa anakuona. Basi mimi ndiye niliyeonja. Mpaka leo siwezi kukaa chumba kimoja na supu ya kabichi.

Nikitafuna, Madamu alimsifia mama kwamba ni gentille, kisha akanifundisha. Kifaransa wanasema gentil. Kihispania, gentil. Kireno vilevile. Kiitaliano, gentile. Hata Kiingereza wana gentle, mtu wa mkono laini. Maneno haya yote, aliniambia huku akinyanyua kidole, ni watoto wa mama mmoja, Kilatini, na huko mwanzoni lilikuwa neno la kumwita mtu wa ukoo wako. Wageni wake wakija, alinisimamisha sebuleni niyataje kwa mpangilio, kisha akamwonyesha mama aliyeshika ndoo: mnaona, Ulaya nzima ina neno lake huyu. Wakapiga makofi. Watu wa ukoo, na hatukuwahi hata siku moja kukaa kwenye meza yake.

Hilo ningelisamehe. Siwezi kusamehe barua.

Mama alipata nafasi ya kuomba kazi ya uuguzi, na walitaka barua kutoka kwa mtu anayejua kazi yake. Madamu alikuwa anaijua. Miezi michache nyuma mama alikuwa amemvua soksi akakuta kidonda kisiginoni ambacho mwenyewe hakukisikia. Alikisafisha, akakifunga, akambishia hadi akakubali kwenda hospitali. Daktari alimwambia Madamu, mama na mimi tukisikia, kwamba aliyefunga kidonda kile anajua anachofanya, na kwamba mguu ulikuwa karibu kukatwa. Kwa hiyo mama alipoomba barua, hakuwa na wasiwasi. Siku hiyo kwenye treni alicheka peke yake.

Barua tulipewa Jumamosi iliyofuata. Barua zote za Kiingereza nyumbani kwetu nilisoma mimi, mama akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Nikasoma: mwanamke huyu ni mpole sana, ni gentle kuliko wote niliowahi kuwa nao. Chini, sahihi.

"Na ingine?" mama akauliza.

Nikageuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe.

"Soma ingine, mwanangu."

"Haiko, mama."

Nilimwambia tuirudishe, aandike habari ya kisigino. Aliniangalia kana kwamba nimemtukania nyanya. "Mutu mukubwa akupe kitu, weye umurudishie? Apana." Akaikunja, akaituma vilevile.

Jibu lilikuja: hawakuona uzoefu wa kutosha. Jumapili ile hakupiga pasi. Alichukua mkasi akalikata lile gauni vipande vipande, na Jumamosi tukafutia navyo sakafu ya jikoni kwa Madamu. Nilifuta na mimi. Nilikishika kipande chenye mfuko wa kalamu, na Madamu, kitini pake, akasema mtoto naye ni gentille kama mama yake.

Nyumba ile imevunjwa sasa, wamejenga nyingine kubwa zaidi. Madamu alishakufa. Jengo letu limetiwa lifti mpya isiyonuka kitu, na amini usiamini, ile harufu ya makayabu naitamani. Ile supu hata bure sitaki. Mama hakupata kuvaa nyeupe tena. Alisukuma viti vya wazee wa watu mpaka mgongo ukakataa, na kote alikopita walimwita kwa neno lilelile, akasema asante.

Sasa anaishi nasi. Binti yangu alimpelekea cheti, akamweleza kwa Kiingereza chake kwamba darasa zima amechaguliwa yeye. Mama alikipokea kwa mikono miwili. Akavaa miwani, akalisoma lile neno polepole, midomo ikicheza. Nilitaka kumnyang'anya.

"Na ingine?" akamuuliza mjukuu wake.

Mtoto hakuelewa, akanitazama mimi. Mama hakungoja jibu. Akaigeuza karatasi kuangalia upande wa pili.