Mikaratusi ya Baba Mkwe

Nilizaliwa Muhuru Bay, ambako hakuna mtoto anayeambiwa apunguze maji. Mama yangu alianika omena, dagaa wa ziwani, ufuoni, nasi tulioga, tukafua na kuchota, na ziwa likabaki vilevile. Kwa hiyo nilipoolewa huku Rangwe, kitu cha kwanza kilichonitoa jasho hakikuwa kupikia wakwe wala kujifunza nani asalimiwe vipi. Kilikuwa maji.

Huku tulitegemea chemchemi moja, bondeni, mwisho wa shamba la baba mkwe wangu. Nusu ya kijiji ilichota pale. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki nilipofika. Namjua kwa kaburi lake lililo kando ya nyumba na kwa yale niliyosimuliwa. Mume wangu anachomelea milango ya chuma mjini Homa Bay. Huja Ijumaa kabla jua halijatua, kwa sababu ya Sabato, na kurudi kazini Jumatatu alfajiri. Siku nyingine zote boma lilikuwa la watu wachache: baba, mimi, na baadaye binti yetu mdogo.

Mila yetu haimruhusu mke wa mwana kuketi karibu na baba mkwe na kupiga soga. Lakini watu wawili hawawezi kushinda boma moja kama mabubu. Tukapata njia. Yeye aliweka kiti chake chini ya upenu wa jikoni, nje, na redio yake mapajani. Mimi nilikuwa ndani na sufuria zangu. Ukuta wa udongo ulikuwa katikati, na kupitia ukuta ule tuliongea kila kitu.

"Nyar Muhuru," alikuwa akiita. Ndiyo kusema binti wa Muhuru. Huku mke huitwa kwa alikotoka. "Leo umenyamaza. Kuna nini?"

"Nachambua mboga, Baba."

"Mboga haizibi mdomo."

Basi nilikuwa nikicheka, naye akaongeza sauti ya redio kana kwamba hakusema kitu.

Juu ya chemchemi, pande zote mbili za bonde, ilisimama mikaratusi yake. Ilikuwa mirefu, imenyooka, na upepo ukipita harufu yake ilifika hadi jikoni, kama dawa ya kifua. Aliipanda na mkewe walipokuwa vijana. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akiteka maji pale pale chini na kuipandishia miche, mtungi kichwani, mimba tumboni. Miti ile ilisomesha watoto wote. Kila ilipokatwa na kuuzwa, ilichipuka upya. Mama alipofariki, baba akakataa kuuza hata mmoja. Jioni alishuka bondeni na fimbo yake, akasimama katikati ya miti kwa muda, kisha akarudi. Hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya nini kule.

Nilipokuja, maji yalitoka kwenye bomba la chemchemi kwa nguvu, yakipiga mtungi hadi unatetemeka. Kisha kila kiangazi yakawa yanapungua. Ikafika mahali ukienda mwezi wa kwanza unakuta wanawake wameketi kwa foleni, kila mmoja na kibuyu cha kutekea, wakisubiri shimo lililochimbwa chini ya bomba lijae tena. Ardhi ya pale ilikuwa imefunikwa na majani makavu ya mikaratusi na hapakuota hata nyasi.

Nikaanza kubana matumizi nyumbani. Sitajisifu kwamba nilikuwa na maarifa. Nilikuwa nimechoka kupanda kilima. Maji ya kusuuzia nguo niliyapeleka kwenye migomba. Ya kuoshea mboga yalikwenda kwa sukuma wiki. Nilimsihi mume wangu akunje mabaki ya mabati atengeneze mifereji ya paa, tukaweka pipa chini yake. Mafiga matatu niliyaondoa, nikafinyanga jiko la udongo linalokula kuni kidogo. Halafu mwanamke mmoja kanisani akanifundisha kikapu.

Unachukua kikapu kikubwa, unakijaza matambara na majani makavu ya migomba, unaacha shimo la sufuria katikati. Maharagwe yakishachemka vizuri, unaipua, unaitumbukiza sufuria humo, unafunika kwa mto mzito. Yanaendelea kuiva yenyewe.

Baba aliniona nikibeba kikapu kwenda ndani.

"Hayo maharagwe unayapeleka wapi?"

"Yanakwenda kuiva, Baba."

"Kitandani?"

"Kwenye kikapu."

"Bila moto?"

"Bila moto."

Alizima redio. Hilo lilikuwa jambo kubwa. "Nyar Muhuru," alisema polepole, "mimi ni mzee lakini si mjinga."

Mchana nilipompelekea sahani, alichukua haragwe moja akalibonyeza kwa vidole, akalitazama, akala. Akala sahani yote. Akaomba nyingine. Baadaye, mimi nikisugua sufuria, nilimsikia upande wa pili wa ukuta akisema, si kwangu hasa: "Mama yao alipuliza moto hadi macho yakaharibika. Angekipenda sana hiki kikapu."

Majirani wakaja kuangalia, wakajifunza, na wao wakafundisha wengine. Lakini mifereji haileti mvua wakati wa kiangazi, na kikapu hakifufui chemchemi. Wanawake walijua shida iko wapi. Walinong'ona kwenye foleni: miti inakunywa. Nikitokea, wananyamaza, maana mimi ni wa boma lile. Siku moja nilijaribu kumwambia mume wangu. Uso wake ulibadilika.

"Useme lolote," aliniambia, "lakini miti ya mama usiiguse."

Sikuigusa tena.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Asubuhi moja nilishuka bondeni mapema, nikamwacha binti yangu amelala, nikitegemea kurudi kabla hajaamka. Jua lilipanda nikiwa bado nasubiri. Mtoto aliamka akalia, baba akamsikia, akadhani nimeanguka njiani. Akamshika mkono mjukuu wake, wakaja taratibu, fimbo mbele.

Hakuwa amewahi kuja kisimani saa ya wanawake. Alitukuta tumeketi juu ya mitungi mitupu ya plastiki. Mbele, amepiga magoti kwenye tope, alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu mkewe, mama mzee ambaye aliolewa kijijini msimu mmoja na yeye. Alikuwa akiteka kwa kibuyu, tone baada ya tone, maji ya rangi ya chai.

"Habari za hapa?" baba alisalimia.

"Hapa tunangoja, shemeji," alijibu mama yule bila kuinuka.

"Mnangoja nini?"

"Maji yakumbuke kurudi." Alimimina kibuyu, akainama tena. "Mimi na rafiki yangu tulikuwa tukifika hapa tunaanza wimbo. Mtungi unajaa wimbo haujaisha. Sasa nimemaliza nyimbo zote za kanisa na za harusi, na mtungi uko hapo."

"Na kilichotokea ni nini?"

Mama yule aliinua uso akaitazama mikaratusi, kisha akamtazama yeye, kisha akarudi kwenye kibuyu chake. Wanawake wote tulitazama chini.

Nilitegemea baba ageuke aondoke. Hakuondoka. Alitafuta jiwe, akaketi, akampakata mjukuu wake, akangoja pamoja nasi hadi zamu yangu ikafika na kupita. Alikuwa akitazama juu kwenye matawi, halafu chini kwenye shimo, halafu juu tena.

Tulipokuwa tukipanda kilima alitangulia. Katikati ya njia alisimama, mgongo kwangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba, ningeanzia wapi?"

"Ukuta si upo," alisema. "Ungeniambia kupitia ukutani."

Nilikuwa na mtungi kichwani, siwezi kuinama wala kujifuta. Machozi yalishuka tu, na binti yangu akaniuliza kwa sauti kubwa mbona maji yanamwagika usoni mwangu.

Siku zilizofuata redio haikuwashwa. Baba alikula kidogo na kushukuru sana, jambo ambalo lilinitia hofu kuliko kama angenigombeza. Ijumaa mume wangu alipofika, baba alituita sote wawili mbele ya nyumba.

"Jumapili ulete mtu wa msumeno wa mashine," alimwambia mwanawe. "Miti yote ya kisimani iondoke. Ile ya mpakani juu, mbali na maji, ibaki."

Mume wangu aliduwaa. "Baba, mama aliipandishia maji kwa kichwa chake."

"Aliyatoa wapi?"

"Pale chini."

"Basi."

"Lakini ni miti yake. Ndiyo tuliyobaki nayo."

Sauti ya baba ilikuwa laini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto wa kunyonya. "Mama yako hakupenda miti, mwanangu. Alipenda msome. Mkasoma. Sasa marafiki zake wanapiga magoti kwenye tope, na mimi naliwekea tope kivuli."

Mume wangu alikwenda akasimama kando ya kaburi. Nilitaka kumfuata, baba akanizuia kwa mkono tu. Kesho yake kanisani aliketi karibu yangu, hakuimba. Lakini Jumapili, kabla mtu wa mashine hajafika, niliona kitanda ni kitupu, na nilipochungulia bondeni, yeye alikuwa wa kwanza pale, akifyeka njia.

Kabla kila mti haujakatwa baba aliuendea, akaweka kiganja kwenye shina, kisha akarudi nyuma na kumwashiria kwa kichwa mwenye msumeno akate. Kila mmoja hivyo. Rafiki wa mama mkwe alileta uji wa wafanyakazi na kumpa baba kikombe cha kwanza. Mchana jua liliingia bondeni, mahali ambapo nilikuwa sijawahi kuliona likifika, na pakaonekana padogo na uchi. Niliogopa. Nilijiuliza itakuwaje kama maji yasiporudi, na mzee amepoteza vyote viwili.

Nguzo zilizonyooka alizitoa zijengee ua kuzunguka chemchemi ili ng'ombe wasikanyage, nyingine zikaezekea darasa la watoto wadogo pale kanisani. Sisi wanawake tulileta vipandikizi vya mkuyu kutoka kando ya mto, na miche ya siala, ambao ni mti wa huku wenye maua ya manjano, tukapanda na nyasi. Tukakubaliana hakuna kufulia nguo chemchemini, na kila nyumba ina wiki yake ya kupalilia.

Lakini mkaratusi haufi kwa kukatwa. Mvua ya kwanza ilipopiga, visiki vyote vilitoa machipukizi ya kijani, mengi, yenye nguvu kuliko miche yetu. Hapo ndipo baba alipojipa kazi. Kila asubuhi alishuka na fimbo, akainama kwa taabu kwenye kila kisiki, akavunja machipukizi kwa mkono.

"Baba, waachie vijana," nilimwambia.

"Nimeipanda mwenyewe," alisema.

Siku moja nilishuka nyuma yake na mtungi, hakunisikia. Alikuwa ameinama, anavunja, anaongea na kisiki. "Pole," alikuwa akisema. "Pole, mama. Mmefanya kazi. Pumzikeni sasa." Nilirudi nyuma kimya, nikangoja kwenye kona hadi alipomaliza.

Maji hayakurudi mara moja. Masika yale yalituletea tope tu. Kiangazi kilipokaribia watu walikwenda kisimani kwa wasiwasi, kama wanaokwenda kumtazama mgonjwa. Mwezi wa kwanza ukafika. Maji yakapungua, ndiyo, lakini yakabaki yanatiririka, wembamba wa kidole gumba, safi, usiku na mchana. Si kama zamani za nyimbo. Hata hivyo hakuna aliyepiga magoti. Rafiki wa mama mkwe alijaza mtungi wake, akauketia, akaanza kucheka peke yake, akashindwa kuacha, na sisi tukacheka bila kujua tunacheka nini.

Tangu hapo mambo si shwari moja kwa moja. Nyasi zimewavuta mbuzi, na mbuzi wameleta ugomvi. Mkuyu mmoja uliliwa hadi chini, na wenye mbuzi wote wakaapa si mbuzi wao. Tunapanda tena. Mikuyu mingine imenipita kimo.

Miguu ya baba imechoka sasa, daktari amemkataza kilima. Alikasirika siku mbili tatu, kisha akamwita mwanawe na kumwonyesha kwa vidole vyake jinsi chipukizi linavyovunjwa, chini kabisa, kwenye gome, lisirudi haraka. Siku hizi mume wangu akifika Ijumaa hushuka bondeni kabla hajavua nguo za kazi. Simwiti kwenye chai. Wiki iliyopita alirudi viatu vimelowa chapachapa kwa maji ya chemchemi, akaingia navyo hadi kwenye sebule niliyokuwa nimetoka kuifagia kwa ajili ya Sabato. Nilifungua mdomo nimgombeze, nikaona anavyotabasamu, nikamletea kitambaa.