Nyumba ya Nne kule Nyantende

Mafua makubwa yalipofika Bukavu nilikuwa mwaka wa mwisho katika shule ya wauguzi. Daktari Mbelgiji aliyetufundisha alikuwa ameanza somo jipya: kuuguza jamaa nzima badala ya mgonjwa mmoja. Kila mwanafunzi alipewa nyumba sita za kutembelea mwaka mzima pamoja na muuguzi mzee, ajue nani analala wapi, nani anakohoa, maji yanatoka wapi. Zangu zilikuwa Nyantende, vilimani nje ya mji.

Somo hilo lilidumu wiki tatu. Kisha wanafunzi wenzangu wakaanza kulala na homa, daktari akahamia hospitalini moja kwa moja, na darasa letu likajazwa mikeka ya wagonjwa. Ubaoni kulikuwa na mchoro wa pafu la kulia. La kushoto hakupata muda wa kulichora.

Muuguzi mzee niliyekuwa nikimfuata, mtu wa Mwenga, naye aliugua. Nilimkuta kitandani kwake.

“Utaenda peke yako,” alisema. “Wenye homa utawapa dawa, utaandika mu kitabu.”

“Na nikiona kitu sijui?”

“Utarudi, utaniuliza.”

Nikaenda. Nilipanda vilima, nikaweka kipimajoto kwapani, nikagawa vidonge, nikaandika. Siku zilifanana. Jioni nilikula bugali na maharagi bila kujua kama yana chumvi.

Katika nyumba ya nne aliishi mkulima na mke wake na mtoto wao wa kike wa miaka minne. Mume alikuwa amepona, akarudi shambani siku mbili, kisha homa ikamrudia. Nilimwinamisha nikaweka stetoskopu mgongoni. Chini, upande wa kushoto, nilisikia sauti kama ya mtu anayekanyaga majani makavu. Nikasikiliza tena. Ilikuwa palepale.

“Iko nini?” mke aliuliza.

“Ni mafua tu, maman. Papa iko na nguvu, itaisha.”

Nikampa vidonge, nikaandika “mafua”. Nikarudi mjini hadi kwa muuguzi mzee ili nimuulize. Nilimkuta amelala, jasho limemtoka. Nilisimama mlangoni kidogo, kisha nikaondoka. Kesho yake nilienda kwenye nyumba nyingine.

Niliporudi kwenye ile ya nne, watu walikuwa wamekaa nje. Mke alinipa kiti.

“Alikufa jana asubui,” alisema.

Nilifungua kitabu nikaandika. Nakumbuka niliandika vizuri, herufi zimenyooka. Sikuona uchungu wala hofu. Nilikuwa kama mtu aliyekufa ganzi mguu, anauona lakini hausikii.

“Siku ile uliweka ile chombo mu mugongo yake mara mbili,” mke alisema. “Ulisikia nini?”

Ningeweza kusema sikusikia kitu. “Nilisikia sauti, maman. Sikujua maana yake. Hawakuwa wametufundisha bado.”

Ndugu wa marehemu alitaka kusema neno, mke akamzuia kwa mkono. Akaingia ndani akatoka na mtoto amemfunga kwenye kitambaa.

“Huyu naye anakohoa tangu jana. Umusikilize.”

Niliweka stetoskopu kwenye mgongo ule mdogo. Ilikuwa sauti ileile. Nikasema tunaenda hospitalini sasa hivi. Ndugu yule alimbeba mtoto, mama akafuata, nami mbele yao mpaka mjini. Mtoto alichomwa penisilini siku kadhaa, akapona. Mama yake aliponiambia, nilijibu, “Ni vizuri,” nikaenda kubadilisha mashuka.

Muuguzi mzee alipopata nafuu nilimweleza yote.

“Ungeniuliza,” alisema.

“Nilikuja. Ulikuwa umelala.”

“Ungeniamusha.”

Hatukulizungumza tena jambo hilo.

Mafua yalipopungua, daktari alitukusanya, amekonda, kola ya shati imemlegea. Alisema miezi ile itahesabiwa kama masomo, hakuna somo litakalorudiwa. “Mumeona wagonjwa wengi kuliko mimi nilipokuwa mwanafunzi,” alisema. Wenzangu walifurahi. Sote tulipewa cheti.

Nilimfuata nje nikamwomba anifundishe mapafu. Aliangalia saa yake, akanipeleka wodini, akanisikilizisha vifua vya watu saba, kimoja baada ya kingine, akinieleza kila sauti na jina lake. Ile ya majani makavu ilikuwa nimonia. Somo lote lilichukua muda mfupi kuliko misa.

Baadaye nilipangiwa kazi katika zahanati ya Mumosho. Wiki ya kwanza, baada ya foleni ya asubuhi kwisha, nilichukua kitabu kipya nikaenda kubisha hodi kwenye nyumba iliyokuwa karibu. Mzee aliyefungua aliuliza nani ameniita.

“Hakuna, papa,” nilisema. “Nataka tu kujua nani iko humu ndani.”