Mshale wa Redio ya Mama Pacha

Fundi redio wa mtaa wa nyuma ya soko hakuwa mtu wa maneno mengi, na miaka ile, hiyo ilikuwa sifa. Kila redio iliyofika mezani pake ilimsengenya mwenyewe: mshale ulisimama pale mtu alipoachia kusikiliza. Wengi walisikiliza stesheni ya nje iliyokatazwa, waliyoiita "shangazi". Fundi akishamaliza kazi huusogeza mshale hadi stesheni ya serikali, ndipo amrudishie mtu chake. Hakumwambia yeyote.

Kisha askari wakamchukua mwalimu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, asubuhi kweupe, povu la sabuni bado liko shavuni. Mtaa ukajiuliza nani amemchongea. Bila kidole kunyooshwa, macho yakamgeukia fundi: si ndiye anayejua kila mtu anasikiliza nini? Salamu zikakauka. Mke wa mwalimu, Mama Pacha, ambaye walikuwa wakiazimana naye hata chumvi, akawa kila akimwona fundi anavuka barabara. Fundi naye, usimdhanie malaika, alimshuku mshona viatu, akamshuku hata Mama Pacha mwenyewe. Shaka ni kama kunguni. Ukimkuta mmoja kitandani, huamini tena shuka lolote.

Ikapita miaka sita. Mchana mmoja Mama Pacha akasimama mlangoni, redio ya mumewe kaikumbatia. Akasema haitoi sauti, na kwamba angesubiri hapo hapo. Mshale ulikuwa sawia kwenye stesheni ya serikali. Fundi akajua umesogezwa makusudi kabla ya kutoka nyumbani, wala hakukasirika.

Alipoifungua akakuta waya wa betri umeliwa na kutu, na ule uzi unaovuta mshale umekatika. Mshale ungeweza kusukumwa popote. Redio yenyewe ilibaki kwenye stesheni ile ile ya mwanzo. Akasugua kutu, akachomea waya, akawasha. Shangazi akaanza kusoma habari kwa sauti iliyojaa kibanda kizima.

Mama Pacha akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Fundi akapunguza sauti, lakini hakuzima. Akainama, akatoa redio yake mwenyewe chini ya rafu, akaiweka mbele ya Mama Pacha na kuiwasha. Msomaji yule yule akasikika kote kuwili.

"Sasa na wewe unanijua," akasema. "Ukitaka kunifungisha, unaweza."

Mama Pacha akaachia ukingo wa meza. Akamwambia kwamba miaka yote hiyo aliwakataza wanawe kukanyaga pale. Fundi akajibu kuwa alimsikia. Ukuta ule ni mwembamba.

"Na mimi nilikushuku, shemeji," akaongeza. "Nilidhani umemchoka mumeo."

"Nilimchoka kweli," akasema Mama Pacha. "Lakini si kwa kiasi hicho."

Wakacheka, kwanza kwa woga, kisha machozi yakawatoka, wala hakuna aliyejisumbua kuyaficha. Mama Pacha akaondoka na redio yenye uzi mpya. Jioni ile mke wa fundi alisikia hodi: pacha wametumwa kuomba chumvi, ingawa kwao ilikuwepo.

Aliyemchongea mwalimu hajulikani mpaka leo. Mwalimu mwenyewe alirudi miaka mitatu baada ya siku ile ya redio, amekonda, hataki kukaa chumba kilichofungwa. Alimkuta mkewe kibandani kwa fundi, saa ya taarifa ya habari, wameinamia redio iliyopunguzwa sauti, vichwa vikigusana. Wakamsogezea kigoda karibu na mlango, naye akakaa.