Mwaka Ndege Walipokataa Mchanga

Utotoni kwangu mgeni mkubwa wa mwaka hakuwa mtu. Alikuwa mchanga.

Tulikaa kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto, upande wa chini wa mji wa Yanonge, mahali ambapo ramani ya serikali ilionyesha maji matupu. Kosa hilo lilitufaa wakati wa kodi na kutuudhi wakati wa chanjo. Kila mwaka maji makubwa yalipanda mpaka kizingiti cha mlango, yakakaa wiki nyingi kama shemeji asiyejua kuaga, kisha yakaanza kushuka. Ndipo kisiwa kilipoamka. Mikeka yenye harufu ya ukungu ilitolewa juani, wanawake walipanda karanga na mchicha kwenye tope jipya, wanaume walikaa mbele ya nyumba wakiziba matundu ya nyavu na kusema uongo. Asubuhi moja mtu angepiga kelele kutoka ufukoni kwamba mgongo wa mchanga umechomoza upande wa magharibi. Hatukuuita mchanga, wala ardhi, wala kisiwa. Tuliuita Mgeni.

Mwaka juzi mtafiti mmoja wa ndege, mama wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi kwenye msitu wa Masako, karibu na Kisangani, alinionyesha kwenye simu picha za kisiwa chao. Ni jiwe lenye majani katikati ya bahari baridi. Aliniambia kwamba majira yao mazuri yakianza, kondoo huzaa, mashua huletwa na upepo unapotaka, na wazee hawagusi jembe kabla ya kusikia ndege fulani. Halafu hutokea afisa kutoka bara akiwa na mpango. Nilimwambia anyamaze hapo, huyo afisa namfahamu.

Mgeni alikuwa na adabu zake. Siku ya kuchomoza wanawake walimpelekea beseni la maji safi na kumwimbia, kwa kuwa mtu aliyetoka safari hunawishwa. Watoto tuliruhusiwa kugaagaa juu yake, nguo zikaanikwa, mitumbwi ikavutwa. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kumpigilia mti, hata kijiti cha kufungia kamba, mpaka ndege watage. Ndege wenyewe ni wale wenye mdomo mwekundu, wa chini mrefu kuliko wa juu, kana kwamba Muumba aliwamaliza kwa haraka Jumamosi jioni. Wakitaga mchangani, Mgeni ameketi, na unaweza kujenga chanja lako la kukaushia samaki. Wakipita tu bila kushuka, Mgeni bado amesimama na mzigo kichwani.

Mlinzi wa habari hizi alikuwa bibi yangu, Koko, mama wa baba yangu, Papa. Sitampamba. Koko aliamini pia kwamba betri ya redio ikiwekwa chini ya mto wa kulalia huondoa ndoto mbaya, na kwamba mwanamke anayekula kichwa cha samaki ngolo huzaa mtoto mbishi. Mwaka mmoja ndege walitaga vizuri kabisa na maji yakaja yakachukua mayai, machanja na mbuzi wa katekista. Koko alisema wale walikuwa ndege wachanga waliosoma shule.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimemaliza darasa la sita, pamoja na Odette, binti wa Tonton Faustin, mdogo wake Papa. Kisiwa hakikuwa na shule zaidi ya hapo. Mama alikuwa amekausha samaki tangu maji yaanze kushuka, mboto na ngolo, vikapu kwa vikapu, na samaki hao ndio wangenipeleka Kisangani kuanza sekondari. Tonton naye alikausha wa Odette. Tungepanda mashua ileile ya injini. Mimi na Odette tulikuwa tumeshagawana kitanda ambacho hatujakiona, yeye upande wa ukuta.

Mgeni alichomoza siku ya soko la Yanonge. Wanawake walikusanyika ufukoni na beseni lao, wakaanza kuimba, "Mugeni amefika, mumupe maji anawe," na saa ileile, kutoka nyuma ya kona, ikaja mashua yenye bendera. Alishuka bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa na mkoba kwapani, akasimama, akasikiliza wimbo, akaweka mkono kifuani. Kisha akasogea kwenye beseni lililoletewa mchanga akanawa mikono. Akanawa na uso.

Hakuna aliyecheka. Wimbo ulipungua, ukasitasita, ukaendelea, maana nani angemweleza? Huyo ndiye aliyekuwa Delege, mjumbe wa serikali, na hadi anaondoka hakujua kwamba alinawa maji ya mwenzake. Mama alimtazama Koko. Koko alikuwa akijaza kiko chake.

"Muache," alisema. "Leo tuko na wageni wawili. Tutaona nani atatangulia kuenda."

Delege alituletea zawadi: makayabu, samaki wa chumvi kutoka bahari ya mbali, akawagawia watu waliokuwa wakinuka samaki tangu kubatizwa. Kisha alihutubu. Alisema serikali imetuona. Alisema mchanga ule, kwa kuwa haukuwa na mwenye, ulikuwa wa Leta, yaani Dola, na Leta imeamua kujenga juu yake Soko la Kisasa. Alikuwa na nguzo zake mashuani, na kibao kilichoandikwa tayari kwa rangi ya bluu, kikiwa na nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili ya tarehe. Kuanzia siku hiyo samaki asiyelala sokoni asingepanda mashua. Kila familia iwe na fasi yake, mahali pake pa chanja, mchangani, na samaki wake walale hapo mpaka mashua ifike, la sivyo samaki watakamatwa.

Katekista, aliyewahi kupoteza mbuzi, aliinua mkono na kueleza kwa upole jambo la ndege. Delege alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mtoto akisimulia ndoto.

"Bon. Donc mimi niandike Kisangani kama soko inangoja mayai?"

Watu wakacheka. Hicho ndicho ninachokikumbuka kwa uchungu kuliko viatu vyake. Watu wazima ambao wiki moja nyuma wasingechomeka hata njiti ya kiberiti kwenye mchanga ule walicheka pamoja naye, kwa sauti ya juu, ili aone wanacheka. Nimekaa maofisini miaka mingi tangu hapo na kicheko hicho nimekisikia kila siku ya kazi. Imani ya mababu inadumu sana mpaka mtu mwenye mkoba aitanie.

Tonton Faustin ndiye aliyekuwa wa kwanza kupigilia. Alikuwa na haraka ya kuonekana, na Delege alimwita "raia wa mfano" mbele ya wote, neno ambalo Tonton alilitembeza nyumba hadi nyumba jioni hiyo. Wengine wakafuata. Machanja yalisimama kwa mistari, nguzo za Delege zikasimama, kibao kikasimama, na mashua iliyomleta ilipogeuza kurudi, Delege mwenyewe akaweka meza na kiti chini ya turubai.

Ndege walikuja. Walipita chini kabisa, midomo yao ikichora maji, wakazunguka mara kadhaa juu ya machanja, wakaenda zao upande wa Isangi. Koko aliwafuata kwa macho mpaka wakaisha.

Kwetu kulikuwa na kilio kisicho na sauti. Mama alikuwa mke wa nyumba ile, hakuweza kumpuuza mama mkwe wake. Alikuwa pia mama wa mtoto wa kupeleka shule, hakuweza kunyang'anywa samaki. Papa alikuwa mbali mtoni na mzigo wa watu. Mama alikaa mbele ya vikapu akivifunga na kuvifungua. Hatimaye alisema atajenga, Mungu amsamehe, maana mchanga ukikasirika ni labda, lakini Delege akikasirika ni hakika.

Koko alimuuliza Delege alisema nini hasa, neno kwa neno. Mama akarudia: samaki walale mchangani, kila mtu awe na fasi yake.

"Bon," Koko akasema. "Fasi yetu iko mutumbwi."

Tuliuvuta mtumbwi wetu mkubwa mpaka katikati ya Soko la Kisasa, kati ya chanja la Tonton na meza ya Delege. Tukapanga vikapu ndani, tukafunika kwa majani, tukaweka kasia juu. Koko akapanda, akaketi nyuma kwenye nafasi ya mwenye kuongoza, mtumbwi ukiwa juu ya mchanga mkavu, akawasha kiko. Alikaa hivyo siku nzima. Kijiji kilipita kumtazama. Tonton alimuuliza, kwa sauti ya raia wa mfano, kama safari ni ya wapi.

"Ninangojea mugeni aseme," Koko akajibu. "Na wewe Faustin, ondoa samaki ya mutoto kwenye ile miti."

Tonton akasema atafikiri.

Delege aliuzunguka mtumbwi, akatoa karatasi zake, akasoma. Karatasi zilikataza kuuza chini, kuuza barabarani na kuuza karibu na choo. Juu ya mitumbwi hazikuwa na neno. Nilijifunza siku hiyo, kabla ya shule yoyote, kwamba afisa wa kweli hawezi kukataza kisichoandikwa, kwa kuwa itambidi afikiri. Akaandika kwamba soko lina kibanda cha aina ya mtumbwi.

Mto ulikuja asubuhi, siku moja kabla ya mashua. Kwetu jua lilikuwa kali na mbingu safi. Mvua ilikuwa imenyesha kwa watu wengine, juu huko nyuma ya maporomoko, na maji yalituletea habari bila kelele. Mimi na Odette tulikuwa tukicheza kwenye ukingo na tuliona nyayo zetu zikijaa maji kutoka chini, kama jasho. Kisha mtumbwi wa Koko ukatikisika. Koko hakusimama. Alimwita Mama aje ashike kasia, mimi nipande, Odette akimbilie kisiwani kumwita baba yake.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka na kibaya. Mchanga ulilegea, machanja yakaanza kupiga magoti moja baada ya jingine, na samaki wakavu, wepesi kama majani, wakaelea wakaondoka. Wanaume waliogelea nyuma ya vikapu. Tonton Faustin alilikumbatia chanja lake kwa mikono miwili, likamvuta, akaliachia, akalirudia. Nilimwona Odette ukingoni, kwenye kisiwa chetu, amesimama na mikono kichwani.

Delege alikuwa juu ya meza yake. Alishika viatu mkono mmoja na mkoba mkono mwingine, kwa hiyo hakuwa na mkono wa kushikia chochote cha maana. Mama alipiga kasia kuelekea kwake. Tulipofika karibu, Koko aliinua mkono, na Mama, ambaye hakuwahi kumkatalia, akaacha kupiga. Tukaelea mbele ya meza.

"Delege," Koko akamuuliza, kwa adabu kabisa, "mutumbwi inaruhusiwa sokoni?"

Maji yalikuwa kwenye magoti ya meza. Delege alitazama kibao chake kikiinama.

"Inaruhusiwa, Koko."

"Alors, panda."

Akapanda, akakalia kikapu cha mboto, akakiponda. Ndicho kikapu pekee tulichopoteza.

Mashua ilifika kesho yake. Wanawake walikusanyika ufukoni wakaimba wimbo wa kuaga, "Mugeni ameenda, tumusindikize," kama wanavyofanya kila mchanga unapozama. Delege akasimama ukingoni mwa mashua akapunga mkono, ameguswa. Njiani kwenda Kisangani aliwasimulia abiria jinsi alivyomwokoa bibi kizee kwenye mafuriko. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya vikapu vyetu, karibu naye kiasi cha kusikia kila neno. Baadaye ilijulikana mjini kwamba Soko la Kisasa limeahirishwa kwa sababu za kiufundi.

Odette hakupanda. Tonton hakuokoa hata samaki wa kuchemsha. Koko alipomwona amekaa mlangoni na mikono mitupu alisema tu, "Nilimwambia," akaenda kupika. Nilimpenda Koko, lakini sentensi hiyo sijaimeza hadi leo. Usiku wa kwanza Kisangani nililala upande wa nje wa kitanda. Nafasi ya ukutani niliiacha. Odette alisema atakuja mwaka unaofuata, na mwaka uliofuata aliolewa Isangi.

Leo nina ofisi katika komuni ya Kisangani, na mhuri. Wenzangu hunieleza, kwa lugha ya vitabu nilivyovisoma kabla yao, kwamba ndege hawajui lolote kuhusu mvua za mbali. Huenda. Sikuwahi kusema wanajua. Ninachojua ni kwamba kanuni ya Koko haikumtaka mtu amwamini ndege, ilimtaka asubiri kabla ya kupigilia. Delege hakumdharau ndege. Alidharau kusubiri, na gharama ya dharau hiyo hakuilipa yeye.

Kila maji yanaposhuka, huletwa mezani kwangu maombi ya kujenga juu ya michanga ya mto: vibanda, baa, safari hii hata kituo cha ukaguzi. Mimi huyaweka chini kabisa ya rundo na kumpigia simu Odette, ambaye amerudi kisiwani na wajukuu wake. Hatuulizani sana habari za nyumbani.

"Ndege wametaga?"

"Bado, dada. Wanapita tu."

Basi ninaandika pembeni, kwa mkono mzuri, kwamba uchunguzi wa kiufundi unaendelea, na ninagonga mhuri.