Nilipunga kijani kabla ya kumuita Wekesa

Wakuu, salamu kutoka Section 58, Nakuru. Mimi ni mzee wa miaka themanini na kitu, kwa hivyo typing mnivumilie. Kwa umri huu sina faida ya kudanganya mtu.

Juzi mjukuu wangu, anasoma physics campus, alikuwa akinieleza mambo ya quantum, kitu wanaita spin chain. Ati atomu zimepangwa mstari mmoja, kila moja na kasumaku kake, na kila moja inamsukuma jirani yake tu. Energy inatoka mwisho huu hadi ule na hakuna atomu iliyohama. Ukiweka moja iliyo tofauti katikati, energy inavurugika hapo.

Mawazo yangu yakarudi kwenye reli. Akadhani sijaelewa.

Miaka ya hamsini, nikiwa kijana mjuaji, nilikuwa mpunga bendera kwenye siding, ile reli ya pembeni ya kupakilia, ya ghala moja la ngano hapa Nakuru. Mwenzangu Wekesa, baba wa watoto wanne, ndiye alikuwa akiingia katikati ya mabehewa kufunga kulabu.

Injini ikigonga behewa la kwanza, hilo linagonga la pili, la pili la tatu, hivyo hivyo. Kila behewa linasogea shubiri moja tu, lakini kishindo kinafika mwisho. Mtu akiwa katikati, hiyo shubiri inamtosha.

Siku hiyo mabehewa yalikuwa ishirini. Nikatazama mstari, sikuona mtu, nikapunga kijani injini ije. Sikuita jina kama ilivyotakiwa. Njaa ilikuwa inaniuma, nilitaka tumalize nikale.

Injini ilikuwa imeshaanza kuja nilipoona kofia ya Wekesa chini, kando ya behewa la kumi na nne. Aliivua kila alipoingia.

Nikapunga nyekundu, lakini dereva alikuwa ametazama upande wa pili. Nikapiga kelele, mvuke ukazimeza.

Nikakimbia. Kumfikia singeweza, nikarukia breki ya mkono ya behewa la tisa, nikaning'inia na uzito wangu wote.

Nikasikia kishindo kinakuja. Kang'. Kang'. Kang'.

Wakuu, sijawahi kuogopa hivyo tena.

Kikafika kwangu. Magurudumu yakakwaruza reli, behewa likagusa la kumi polepole. La kumi na moja halikutikisika.

Wekesa akatoka akijipangusa mikono. Akauliza nani alipunga. Nikasema ni mimi, nikangoja kofi.

"Fungua hiyo breki," akasema. "Sasa ingia wewe. Mimi ndio nitapunga."

Niliingia. Akaniita jina mara mbili. Sauti yangu haikutoka. Akangoja, bendera ikiwa chini, injini ikipumua, dereva akilalamika. Alingoja mpaka nikaweza kusema niko hapa.

Tangu siku hiyo sipungi mpaka mtu aitike, hata nyumbani sifungi geti kabla sijaita.

Kama uliwahi kushika maisha ya mwenzako mkononi, hebu tuambie ilikuwaje. Na nyinyi wa physics nirekebisheni, lakini kwa heshima.